Muulize Fundi: Kokoto zinaruka pamoja na theluji

SWALI

Jambo Papa Fundi. Mimi ni mama wa Uvira, sasa tuko Maine, nje kidogo ya Lewiston. Mwaka huu tumetoka kwenye apatimenti mjini, tukapanga nyumba huku mashambani. Njia ya kutoka barabarani mpaka mlangoni ni ya changarawe, ndefu kama mita 40. Mume wangu anafanya kazi ya usiku, kwa hiyo theluji ni yangu. Mtu wa kanisani alituuzia mashine yake ya kutupa theluji, ndogo, ya petroli. Theluji ya kwanza ilipoanguka niliiwasha vizuri, lakini badala ya kutupa theluji peke yake ikawa inatupa na mawe. Jiwe moja limepasua taa ya gari letu. Mengine yamejaa kwenye majani, na njia sasa ina mabonde. Je, mashine ni mbovu au mimi ndiye sijui kuiendesha? Na mwenye nyumba nitamwambia nini?
*Mama Mapacha, Maine*

JIBU

Jambo sana, Mama Mapacha, na pole kwa taa. Mashine yako ni nzima, na kuiendesha unajua. Ila imepelekwa mahali si pake.

Zima injini, chomoa ufunguo, kisha chungulia mdomoni. Naamini utaona makafi ya mpira kwenye mhimili mmoja, na nyuma yake hakuna kitu. Hiyo ni mashine ya hatua moja. Makafi yale yale yanayokwangua ndiyo yanayorusha, na ndiyo yanayoivuta mashine kwenda mbele, maana yanagusa ardhi. Kwenye lami au zege ni raha tupu. Kwenye changarawe haina namna ya kuchagua. Chochote kinachoguswa na kafi kinapanda bombani na kutoka kwa kasi. Watu watakushauri ukandamize mishikio ili mdomo uinuke. Utainuka kweli, na hapo hapo mashine itaacha kujivuta, ubaki unaisukuma kwa kifua. Mita 40? Hapana, mama.

Njia kama yako inataka mashine ya hatua mbili. Hiyo mbele ina parafujo kubwa ya chuma inayokusanya theluji na kuileta katikati, na nyuma yake kuna feni nzito inayoipokea na kuirusha nje kupitia bomba. Magurudumu yanaendeshwa na injini, kwa hiyo parafujo haina haja ya kugusa chini. Halafu kushoto na kulia mwa mdomo kuna vipande viwili vya chuma vilivyofungwa kwa nati. Vinaitwa viatu. Hivyo ndivyo vinavyoamua mdomo upite juu ya ardhi kwa kimo gani, na nimeona mashine za miaka mingi ambazo nati zake hazijawahi kuguswa na spana tangu zitoke dukani. Dukani huwa zimefungwa kwa ajili ya lami.

Kuzirekebisha ni kazi ya dakika chache. Isimamishe mashine kwenye sakafu iliyonyooka, sakafu ya zege ya gereji inafaa. Tafuta vipande viwili vya ubao vya unene wa inchi moja, viweke chini ya chuma cha kukwangulia, kile kipande bapa cha ukingo wa chini wa mdomo, kimoja kila upande. Legeza nati za viatu, viache vishuke vyenyewe mpaka viguse sakafu, kisha kaza. Ukitoa mbao, mdomo umebaki juu kwa inchi moja. Changarawe yako ikiwa nyepesi, inayocheza chini ya mguu, tumia ubao wa inchi moja na nusu. Hakikisha pande zote mbili ziko sawa, la sivyo upande mmoja utalima. Na viatu vyembamba vya chuma huzama kwenye kokoto zilizolegea. Vipo vipana zaidi vinavyouzwa peke yake, na kwa njia ya mawe thamani yake inarudi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana hata mashine ya bei kubwa haitakusaidia usipolikubali hili: kwenye changarawe hatufiki chini. Ni wali huo, pakua, ukoko uache sufuriani. Lile tabaka la chini la theluji lililogandamana ndilo lami yako ya msimu mzima. Linazishika kokoto mahali pake, na mashine inapita juu yake bila kugusana nazo. Najua linauma jicho. Sisi tuliofundishwa kufagia uwanja hadi udongo uonekane mistari ya ufagio, kuacha theluji njiani kunafanana na uvivu. Jirani wa lami atakuwa na njia nyeusi, safi, na wewe yako nyeupe. Iache hivyo hivyo nyeupe.

Tabaka hilo hutengenezwa na theluji ya kwanza, na ndiyo maana ile ya kwanza haitupwi. Ikiwa ni inchi mbili tatu, chukua gari, pita juu yake huku na huku, kila safari ukisogeza tairi kidogo pembeni mpaka njia nzima imekanyagwa. Usiku baridi litamalizia kazi. Ikianguka nyingi siku ya kwanza, inchi 10 kwa mfano, na ardhi bado haijaganda lakini haina tope, shusha viatu mpaka mwisho ili mdomo uinuke, toa nusu ya juu tu, kisha kanyaga iliyobaki. Hatari kubwa ni kuingiza mashine wakati juu pana theluji na chini bado pana tope. Hapo viatu huzama hata viwe vipana namna gani.

Maine ina tabia yake, na bila shaka umeshaiona: katikati ya Januari huja siku za joto na mvua, tabaka linayeyuka, halafu usiku linaganda upya likiwa kioo. Mambo mawili hapo. Kwanza, kokoto zikionekana tena, rudi kwenye utaratibu wa mwanzo, kanyaga kwa gari kabla ya kutupa. Pili, usimwage chumvi. Kwenye lami chumvi ina kazi yake. Kwenye changarawe inayeyusha lile tabaka ulilolijenga, maji yanaingia kati ya mawe, unapata matope mchana na barafu usiku. Tumia mchanga. Miji mingi midogo ya Maine huweka lundo la mchanga kwa ajili ya wakazi, mtu anachukua ndoo moja mbili baada ya tufani. Piga simu ofisi ya mji wenu uulize utaratibu.

Unapotupa, elekeza bomba upande usio na nyumba, gari wala mtu, na kile kifuniko cha juu ya bomba kiinamishe ili theluji iruke chini chini na kutua kwenye lundo. Mashine ya hatua mbili hurusha zaidi ya mita 10 bila shida, na kokoto iliyopotea njia huenda nayo. Mapacha wakae ndani mpaka umalize. Vaa miwani ya kazi. Endesha injini kwa moto wote lakini mwendo wa miguu uwe wa taratibu. Wengi hufanya kinyume chake, wanapunguza moto wakiogopa kelele, na theluji iliyolowa inaziba bomba. Kabla ya kuanza, puliza bomba kwa ndani mafuta ya silikoni ya kopo, au hata yale mafuta ya kupikia ya kupuliza. Theluji nzito haitanata haraka.

Halafu kuna lile tuta ambalo gari la mji linalosukuma theluji hukuachia mdomoni mwa njia, gumu, lina mchanga na chumvi ndani. Lile hulimegi kwa mkupuo. Gia ya kwanza, nusu ya upana wa mdomo, unaingia na kurudi. Kuna mbinu ya kulipunguza: simama njiani kwako ukitazama barabara. Kwa kuwa Marekani magari yanapita kulia, gari la theluji litakujia kutoka kushoto kwako. Basi safisha kipande cha ukingo wa barabara upande huo wa kushoto, mita chache kabla ya njia yako. Gari likifika hapo litamwaga sehemu kubwa ya mzigo wake kwenye nafasi uliyoiacha, kabla ya kufika mlangoni. Lakini usiirudishe theluji yako barabarani wala kuivusha upande wa pili uiache njiani. Sheria ya Maine inakataza kuacha theluji kwenye barabara ya umma.

Usisahau pia mdomo wa bomba la tangi la mafuta ya kupashia nyumba joto, kama mnatumia mafuta. Dereva wa mafuta akikuta umelizika chini ya lundo la futi nne, anaweza kugeuza gari. Matundu ya moshi ya tanuri na ya mashine ya kukaushia nguo nayo yasizibwe.

Sasa mwenye nyumba. Umesema mmepanga. Kabla ya kununua chochote, toa mkataba usome nani ana wajibu wa theluji. Kama ni yeye, basi hata hiyo mashine hukupaswa kuinunua. Kama ni nyinyi, mwambie ukweli mapema, na umwambie kwamba majani yakianza kuonekana wakati wa machipuko utachukua reki na kurudisha kokoto njiani. Kila mwenye njia ya changarawe hufanya hivyo Aprili, hata wasiotumia mashine. Ila usizifuate sasa hivi ndani ya theluji. Na chomeka fimbo za alama kandokando ya njia, kwa sababu kokoto nyingi hupotea pale mtu anapokosea ukingo na kuchimba majani. Mwaka huu ardhi ikiwa imeshaganda, tundika fimbo kwenye ndoo za mchanga. Mwakani zichomeke Oktoba.

Ushauri wangu wa mfukoni: hiyo ndogo muuzie mtu mwenye lami. Msimu huu tafuta mwenye pikapu yenye sepetu kubwa la mbele, mpatane kwa tufani au kwa msimu, na umwambie tangu mwanzo kwamba njia ni ya changarawe ili ainue kidogo. Mkiamua kununua ya hatua mbili, yenye upana wa inchi 24 inawatosha. Mkono wa pili hununuliwa Aprili au Mei, watu wanapoitazama gerejini wanaona inakula nafasi tu. Desemba usiku wa kuamkia tufani hata chuma chakavu kina bei. Kabla ya kulipa, fanya jambo ambalo muuzaji hatalitarajia: injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umechomolewa, mwombe atoe zile pini zinazofunga parafujo kwenye mhimili, kisha uizungushe parafujo kwa mkono uliovaa glavu nene. Inapaswa kuzunguka yenyewe juu ya mhimili. Ikiwa imeshikana kwa kutu, muage kwa heshima. Sababu yake iko kwenye barua inayofuata.

SWALI

Fundi, mambo vipi. Niko nje ya Duluth, Minnesota, nina mashine ya hatua mbili na njia ya mawe. Kila mara pini ya parafujo inakatika, upande mmoja unaacha kuzunguka. Rafiki yangu ameniambia niache kununua hizo pini laini, nitie bolti ngumu ya kawaida, mchezo uishe. Unaonaje?
*Kaka wa zamu ya usiku*

JIBU

Poa, kaka. Mchezo utaisha kweli, pamoja na giaboksi.

Pini ile imetengenezwa dhaifu kwa makusudi. Jiwe likibanwa kati ya parafujo na ukuta wa mdomo, kuna kitu lazima kivunjike, na waliounda mashine wameamua kiwe pini ya dola chache. Ukitia bolti ngumu, nguvu yote inarudi nyuma mpaka kwenye meno ya giaboksi, ambayo bei yake itakufanya uulize bei ya mashine mpya. Ndiyo maana nimemwambia Mama Mapacha aangalie kutu: parafujo iliyoshikana na mhimili ni sawa na iliyotiwa bolti, pini ikatike isikatike.

Nunua pini za mashine yako hasa, kwa namba iliyo kwenye kitabu chake, maana zinatofautiana ugumu ingawa kwa macho zinafanana. Weka chache mfukoni mwa koti pamoja na vibanio vyake, kwa sababu zitakatika saa 11 alfajiri, duka limefungwa. Ukiwa unazibadilisha, pakaza grisi kwenye mhimili.

Lakini pini inayokatika kila mara inakuambia kitu kingine. Angalia viatu. Nina shaka vimelika, au vimefungwa juu mno mdomo ukashuka, au kimoja kiko juu kuliko mwenzake. Kiatu kikishalika hadi chuma cha kukwangulia kinagusa chini, unavuna mawe. Vingi vina pande mbili. Kigeuze, utumie upande wa pili kabla ya kununua kingine. Na mahali mawe yamejitokeza, kandamiza mishikio kidogo upite mdomo ukiwa juu. Mashine yako inajisukuma kwa magurudumu, kwa hiyo haitakugomea kama ile ya mama.

Huyo rafiki mshukuru kwa nia yake njema.

SWALI

Habari za kazi, Fundi. Mwanangu anasoma Ufini, mji wa Joensuu. Jioni anamsaidia mzee mmoja kuondoa theluji kwa mashine, naye anamlipa. Amenitumia video. Nimeona mashine imesimama, yeye anaingiza mkono kwenye bomba, anachokoa theluji kwa vidole. Nilipompigia akasema, "Mama, nilikuwa nimezima." Mimi nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa, mashine nazijua, na moyo wangu haujatulia. Je, nina haki ya kuogopa? Nimemfumia na skafu ndefu ya sufi, naituma wiki hii.
*Mama Mzaa Chema, Bukoba*

JIBU

Shikamoo, Mama Mzaa Chema. Unayo haki, na asikushinde kwa maneno.

Uliyoyaona kiwandani ndiyo hayo hayo. Theluji inapoziba, feni inakwama huku mkanda bado unaivuta. Kijana anazima injini, kelele inakwisha, anaamini mashine imelala. Lakini nguvu inaweza kubaki imebanwa kwenye mkanda na kwenye chuma. Akiondoa lile bonge kwa vidole, feni inaachiwa ghafla na kuruka, mara moja tu, bila injini. Mara moja hiyo inatosha kukata kidole, na glavu haizuii kitu. Kila msimu wa baridi madaktari wa mikono katika nchi za theluji huwapokea watu walioumia hivi, na wengi wao ni wazoefu. Mgeni huogopa mashine. Mzoefu ana haraka.

Mashine nyingi za sasa huja na kijiti cha plastiki kimepachikwa juu ya mdomo, mahali pa kuonekana, kwa kazi hii tu. Kama ya mzee huyo imekipoteza, mpini wa ufagio unafaa. Utaratibu ni huu: aachie mishikio yote miwili, azime injini, achomoe ufunguo, asubiri vyuma vyote vitulie, ndipo achokoe kwa kijiti, mkono ukiwa nje. Hata bonge likiwa dogo.

Muulize pia kuhusu mishikio. Ile mashine huzungusha parafujo pale tu mtu anapobana mshikio, akiuachia, inasimama. Kuna watu huufunga kwa kamba au utepe ili mkono usichoke. Akikuta mzee kaufunga, aufungue, na akiambiwa aache kama ulivyo, hiyo kazi aiache, hata iwe inalipa vipi.

Jingine: asiiwashe ndani ya gereji ili ipate joto, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na huua. Aisukume nje kwanza. Petroli aongeze injini ikiwa imepoa, si katikati ya kazi chuma kikiwa cha moto.

Usimuulize "uko makini?" Kijana yeyote atajibu ndiyo. Mwambie akutumie video nyingine, akuonyeshe kijiti kiko wapi na anakitumiaje. Wewe ni mtu wa kiwanda, utaona mwenyewe.

Skafu mtumie, ila aivae akienda darasani. Mbele ya parafujo inayozunguka hatutaki kitu kinachoning'inia, iwe skafu, kamba ya kofia au waya wa simu. Kama sufi imebaki, mfumie kofia ya kubana masikio, isiyo na kamba.